Barua ya wazi kwa madaktari vijana wa mifupa: mfuateni mgonjwa baada ya kuruhusiwa

Wanangu mnaoanza mafunzo ya ubingwa wa mifupa na viungo,

Baada ya salamu, ninalo neno moja kwenu, na nimeamua kuliandika hadharani kwa sababu linawagusa pia wakuu wa idara wanaoidhinisha bajeti zenu. Kila mmoja wenu atadaiwa utafiti kabla ya kuhitimu, na kwa jinsi ratiba za mafunzo zilivyobana, wengi mtavutwa na maswali yanayojibika upesi: eksirei ya mwezi wa tatu inaonyesha nini, mgonjwa alilala wodini siku ngapi, kidonda kilitoa usaha au hakikutoa kabla hajaruhusiwa. Mimi nilikuwa muuguzi wa wodi za mifupa kwa sehemu kubwa ya utumishi wangu, na miaka ya mwisho kabla ya kustaafu nilipewa kazi ya kuwatafuta wagonjwa wa utafiti kwa simu ili warudi kliniki. Kwa niliyoyaona huko, nawasihi mchague maswali machache zaidi na muwafuatilie wagonjwa wenu kwa muda mrefu zaidi, maana katika magonjwa ya mifupa na viungo matibabu mabaya na matibabu mazuri hufanana sana katika miezi ya mwanzo.

Historia ya fani yenu inalithibitisha hilo. John Charnley, bingwa aliyefanya kazi katika hospitali ya Wrightington nchini Uingereza, alianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kuwawekea wagonjwa nyonga za bandia ambazo kikombe chake, yaani tundu linalopokea kichwa cha mfupa wa paja, kilitengenezwa kwa Teflon, ile plastiki inayopakwa kwenye vikaango. Watu waliokuwa wakijikokota kwa maumivu wakatembea, naye mwaka 1961 akauandikia upasuaji huo makala katika jarida la Lancet. Haikupita miaka mingi vikombe vile vikawa vimelika, na unga wa Teflon ukawa umechokoza nyama inayozunguka nyonga hadi maumivu yakarudi. Wagonjwa wa namna hiyo walikaribia 300. Charnley hakuwakimbia, aliwaita, akawafungua upya, na vipande vya Teflon akavipandikiza katika paja lake mwenyewe ili aone mwili unavipokeaje. Fundi wake, Harry Craven, ndiye aliyeijaribu kwenye mashine plastiki nyingine, polithini ngumu, ambayo bosi wake alikuwa ameshaidharau, na ikaonekana inastahimili msuguano kuliko Teflon kwa mbali sana. Ilipoanza kutumika kwa wagonjwa Novemba 1962, Charnley aliwazuia kwa miaka kadhaa mabingwa wengine wasiinunue nyonga hiyo mpaka waje kujifunza kwake, na aliwaomba wagonjwa wakubali kwamba siku watakapofariki nyonga hiyo itolewe ichunguzwe. Sijui ni wangapi kati yenu wanaoweza kumwomba mgonjwa jambo kama hilo akawakubalia. Ombi la namna hiyo hupokelewa na mtu ambaye umekuwa ukimsalimu kwa jina kwa miaka.

Pamoja na somo hilo, kosa lilijirudia. Agosti 2010 kampuni ya DePuy iliiondoa sokoni nyonga yake iliyoitwa ASR, ambayo kichwa na kikombe vyote vilikuwa vya chuma, wakati ambapo ilikuwa imeshawekwa kwa watu wapatao 93,000 duniani. Chuma kilisuguana na chuma, kikamwaga chembechembe zilizoharibu nyama na mfupa wa jirani. Haikuwa rahisi kwa daktari mmoja mmoja kulitambua, kwa sababu kila mmoja alikuwa na wagonjwa wake wachache na kila mmoja alidhani ni bahati mbaya ya huyu au yule. Lililoonekana lilionekana katika madaftari ya kitaifa ya viungo bandia, yaani orodha za viungo vilivyowekwa na vilivyopasuliwa upya, likiwemo la Australia na lile la Uingereza na Wales, ambamo ilibainika kwamba wenye nyonga hiyo wanarudi kupasuliwa tena kwa kasi isiyo ya kawaida. Sweden ilikuwa imeanza daftari la magoti mwaka 1975 na la nyonga mwaka 1979. Malawi, jirani zetu, nchi isiyotuzidi kwa fedha, ilianzisha la kwake mwaka 2005, kwa hiyo umaskini hauwi udhuru.

Dawa nazo zina hadithi ileile. Mwaka 1948 Philip Hench na wenzake wa Mayo Clinic huko Marekani walimpa kotisoni, homoni inayotuliza uvimbe, mgonjwa wa baridi yabisi aliyekuwa amekakamaa viungo, na ndani ya siku chache akawa anatembea. Miaka miwili baadaye Hench akawa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel. Hasara yake ilikuja kuhesabiwa taratibu: uso kuvimba, kinga ya mwili kushuka, mifupa kuwa dhaifu na kuvunjika, na kichwa cha mfupa wa paja kufa kwa kukosa damu. Dawa za jamii hiyo bado zinahitajika, tena sana, zikitolewa kwa kipimo na kwa muda unaoeleweka. Lakini huku mitaani wazee wenzangu wananunua deksamethasoni, ndugu wa kotisoni, dukani bila cheti cha daktari, au wanakunywa unga wa “dawa ya viungo” ambao haukuandikwa chochote kuhusu kilichomo, na jioni hiyohiyo wanasifu kwamba magoti yamelegea. Anayetafuta mada ya utafiti aanzie hapo, awafuate wanunuzi hao miaka mitatu au minne. Hahitaji mashine yoyote ya kuagizwa ng’ambo.

Utafiti ninaowaomba muusome kabla ya mwingine wowote ni ule wa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Nilipoingia kazini bado tulikuwa na mazoea ya kuwalaza watoto wa ugonjwa huo chali kwa miezi, wengine wakiwa wamevishwa plasta kuanzia kwapani hadi nyonga, na kazi yetu kubwa ilikuwa kuwageuza, kuwasafisha na kuwazuia wasipate vidonda vya kulalia. Kumbe Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilikuwa limeshaendesha majaribio nchini Korea. Katika mji wa Masan, wagonjwa waligawanywa kwa kura: baadhi walilazwa kitandani miezi sita na wengine walitembea wakitibiwa kutoka majumbani, wote wakipewa dawa za kifua kikuu. Huko Pusan waligawanywa kati ya waliovaa koti la plasta na wasiolivaa. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1973, na kitanda hakikuongeza kitu, wala plasta. Dawa ndizo zilizoponya. Fikirieni ni watoto wangapi waliokosa shule na kucheza kwa ajili ya desturi ambayo hakuna aliyekuwa ameijaribu.

Kinachonifanya niuheshimu utafiti huo zaidi ni kwamba haukuishia 1973. Watafiti wale, pamoja na wenzao waliofanya majaribio ya upasuaji huko Hong Kong, waliendelea kuwapima wagonjwa walewale, na mwaka 1998 wakachapisha taarifa ya mwaka wa 15. Tofauti ambayo haikuonekana vizuri mapema, yaani kiasi cha uti kupinda kadiri miaka inavyokwenda, ilionekana hapo, na ilikuwa ya manufaa kwa waliofanyiwa upasuaji mkubwa wa Hong Kong, ule wa kuondoa mfupa ulioharibika na kuziba pengo kwa kipande cha mfupa mwingine. Angekomea mwaka wa pili, mtafiti angeandika kweli nusu.

Wala msiseme mambo hayo ni ya wenzetu. Katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam lilifanyika jaribio la wagonjwa 240 waliovunjika mfupa wa ugoko ukatoboa ngozi, majeraha ambayo bodaboda zinatuletea kila siku. Nusu waliwekewa msumari ndani ya mfupa na nusu wakafungwa vyuma vya nje. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: baada ya mwaka mmoja, vifo na kurudishwa chumba cha upasuaji kwa sababu ya usaha wa ndani, mfupa kutounga au kuunga ukiwa umepinda havikutofautiana kwa kiasi cha kutegemewa, ingawa wenye msumari walikuwa na nafuu ya maisha mapema zaidi na mifupa yao ilinyooka vizuri zaidi. Wengine watasoma hapo tu. Mimi nasoma namba nyingine: kati ya wale 240, waliorudi kuonwa mwaka ulipotimia walikuwa 221. Mtu yeyote aliyewahi kumtafuta dereva wa bodaboda aliyehama chumba mara mbili na kubadilisha laini ya simu anajua namba hiyo ilipatikana kwa jasho la nani, na ningefurahi kama majina ya wauguzi na mafundi wa plasta yangekuwa yanaonekana mara nyingi zaidi mwanzoni mwa makala kuliko kwenye shukrani.

Sasa niseme jinsi kazi hiyo inavyofanyika, maana hamtafundishwa darasani. Namba moja ya simu haitoshi. Mara nyingi ni ya mtu aliyemleta mgonjwa hospitali, wala si yake. Chukueni namba tatu, moja ikiwa ya mama au dada anayekaa kijijini, na mwandike jina la mwenyekiti wa mtaa au kitongoji. Pigeni simu jioni au Jumapili, si saa nne asubuhi mtu akiwa kibaruani. Anzeni kwa kuuliza hali ya nyumbani kabla ya kuuliza mguu. Na mjue kwamba asiyerudi hajapona kwa sababu tu hajarudi. Baadhi wamepona kweli na hawaoni haja ya kupoteza siku. Wengine wamekwenda kwa mganga wa kuunga mifupa, wengine hawana nauli, wengine wanaogopa lile deni waliloliacha dirisha la malipo, na wachache wamefariki. Ukiwahesabu waliorudi peke yao, unaandika habari za wenye nauli.

Muulizeni pia mgonjwa maswali ya maisha anayoyaishi. Nimekaa benchi la kliniki na mama mmoja ambaye kadi yake ilikuwa imeandikwa kwamba mfupa wa paja umeunga vizuri, na eksirei yake kweli ilikuwa safi. Akaniambia kwamba anaswali juu ya kiti, kwamba chooni kijana wake amemkatia tundu katikati ya kiti cha plastiki, na kwamba shambani hapalilii tena kwa sababu goti halikunji. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Shirika la SIGN, lililoanzishwa mwaka 1999 na Dkt. Lewis Zirkle huko Richland, jimbo la Washington, hutoa misumari ya mifupa inayoweza kuwekwa bila mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji, na huwaomba madaktari warudishe taarifa za wagonjwa pamoja na picha ya mgonjwa akiwa amechuchumaa huku anatabasamu. Nimewasikia mabingwa wakiicheka picha hiyo kwamba ni sayansi ya kienyeji. Mimi naiona ni kipimo kizuri kwa watu wanaotumia choo cha shimo, na simu ya mjukuu inatosha kuipiga na kuituma bila nauli.

Mkiandika maombi ya fedha, basi, nauli ya mgonjwa na ya msindikizaji wake iwekwe juu kabisa, ya mwaka wa kwanza na ya mwaka wa pili, kabla ya kompyuta na kabla ya semina. Matokeo yakionyesha kwamba upasuaji mnaoupenda haukusaidia, yapelekeni yachapwe vilevile, na mrudi kuwaeleza wagonjwa kwa Kiswahili wanachokielewa. Na mkihitimu mkapangiwa mikoani, msiondoke na namba za wagonjwa ndani ya simu zenu. Mkabidhini anayewafuata orodha ya maandishi yenye tarehe ambayo kila mmoja anatakiwa kuonwa tena, na ile ya mwaka wa tano iwemo.

Wenu,
Muuguzi mstaafu wa wodi ya mifupa,
Dar es Salaam