Barua kwa somo yangu kuhusu shule iliyogeuka nyumba ya sanaa

Queens, New York
Jumapili usiku

Somo yangu mpenzi,

Nakusalimu sana, wewe na shemeji na watoto. Mama mfikishie shikamoo yangu, mwambie mguu ukiendelea kumsumbua asione haya kusema. Sisi huku hatujambo.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Pale uliposema kamati imeshaafikiana kulibomoa jengo letu la madarasa ya zamani, niliiweka chini nikanyamaza kidogo. Halafu nikasoma kwamba ulisimama kikaoni ukasema lingefaa kuwa nyumba ya sanaa, wakacheka. Unaniuliza kama huku nimewahi kuona shule ikageuzwa hivyo. Nimeiona, somo. Iko hatua chache kutoka kituo ninachobadilishia treni, na leo nilikwenda tena makusudi ili nikuandikie nikiwa bado nayo machoni.

Inaitwa MoMA PS1. Hiyo PS ndiyo kifupi cha Public School, yaani shule ya umma, na hiyo moja ni namba yake. Jina la shule hawakulifuta. Jengo ni la matofali mekundu, madirisha marefu, limejengwa 1892 hadi 1893, wakati Long Island City, mtaa huu ilipo, ilikuwa bado mji unaojitegemea, haujaingizwa ndani ya New York. Ilikuwa shule ya kwanza ya mji huo. Mwaka 1963 ikafungwa kwa sababu watoto walikuwa wachache mno, ikabaki ghala. Hapo nilichomwa moyo. Sisi tulikuwa tisini na kitu darasani, wanne kwa dawati moja, tunagombania nafasi ya kuweka kiwiko. Wenzetu walifunga mlango kwa kukosa watoto.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye jibu la hao waliokucheka. Najua walikuuliza pesa zitatoka wapi. Mama mmoja, Alanna Heiss, tangu 1971 alikuwa akiyatafuta majengo yaliyotelekezwa mjini ili wasanii wapate pa kufanyia kazi. Mwaka 1976 akaifungua hii. Hakungoja kupiga plasta. Rangi ilikuwa inabanduka kutani, na maonyesho ya kwanza, ya Juni mwaka huo, yakafanyika hivyo hivyo: wasanii 78 wakagawana jengo, huyu darasa, yule choo, mwingine chumba cha boila, wengine darini na uani. Kila mmoja alitengeneza kazi inayotokana na pale mahali penyewe. Gordon Matta-Clark alikata sakafu, ghorofa tatu zikifuatana, ukawa unatazama chini unaona vyumba vya watu wengine. Alan Saret akatoboa ukuta wa matofali, na tundu lake lipo mpaka leo, jua likiingia mle kama maji. Ukarabati mkubwa umekuja kukamilika 1997, chini ya msanifu Frederick Fisher, kwa dola milioni 8.5. Hesabu mwenyewe: miaka 21 baada ya kufungua! Na kuungana na MoMA, lile jumba kubwa la sanaa la Manhattan, ni mwaka 2000. Pesa zilikuta watu wameshaanza.

Mwambie mwenyekiti hivyo hivyo.

Lakini ninachotaka ukione ni chumba kimoja. Uko ghorofa ya juu, unakuta mlango wa darasa, na mimi kila nikifika pale mdomo unataka kusema hodi. Ndani hakuna picha hata moja. Ni mabenchi ya mbao yenye migongo mirefu yaliyozunguka kuta zote nne, na juu, katikati ya dari, wamekata mraba mkubwa. Mbingu ipo wazi, hakuna kioo. Ukingo wa ule mraba umechongwa mwembamba sana hata huoni unene wa dari, basi mbingu inakuwa kama kitambaa kilichotandazwa pale juu, karibu ukitaka kukigusa. Msanii ni James Turrell, alikianza 1980 na watu wakaanza kuingia 1986. Mvua ikinyesha wanakifunga. Leo nilikaa kuanzia saa kumi na nusu. Bluu ikakolea, ikakolea, na taa zilizofichwa nyuma ya mabenchi zikawa zinabadilika taratibu, na kila zikibadilika mbingu nayo inageuka rangi, mara zambarau, mara kijani kama cha embe bichi. Tulikuwa watu kumi na mmoja, nimewahesabu. Hakuna aliyesema neno. Akapita ndege mmoja, akakata kona ya mraba, akapotea, na sote tukashusha pumzi pamoja.

Nilikukumbuka mno. Unakumbuka lile bati lililotoboka kwenye kona yetu, lile duara la jua likitembea sakafuni, tukawa tunajua kengele ya mapumziko inakaribia likifika mguu wa dawati la mbele? Mwalimu alidhani tunasinzia.

Zipo kazi nyingine ambazo ungezipenda. Pale kwenye ukumbi wa kuingilia kuna kitundu kwenye sakafu ya mbao, kidogo kama kilichoachwa na kifundo kilichong'oka. Ukiinama unamkuta mwanamke mdogo sana, ni video, yumo katikati ya moto anakutazama kutoka chini huku anakupigia kelele. Ni kazi ya Pipilotti Rist wa Uswisi, ya 1994. Watoto wanaiona kabla ya wazazi wao kwa sababu wako karibu na sakafu. Na kwenye ngazi, William Kentridge wa Afrika Kusini ameweka kivuli cha msafara mzima, watu wa karatasi nyeusi iliyochanwa kwa mkono, wanapanda na mizigo yao. Unapanda nao. Siku ya kwanza nilikuwa nimetoka kazini kumhudumia bibi ninayemtunza, mgongo unaniuma, nikashika kishikio nikaona nimo kwenye ule msafara.

Nikuambie pia habari ya mwaka 2002, japo mimi nilikuwa sijafika huku. Okwui Enwezor, Mnigeria, alileta humo maonyesho kuhusu harakati za uhuru wa Afrika, kuanzia 1945 mpaka 1994. Uhuru wetu umetundikwa kwenye kuta za madarasa ya Wamarekani! Kila nikipita korido zile hilo linanijia.

Siyo kwamba kila kitu kimenyooka. Mtaa umejaa maghorofa mapya ya vioo. Mwaka 2019 kile chumba cha mbingu kilifungwa kwa muda kwa sababu jukwaa la mafundi wa jengo jirani lilikuwa linachungulia ndani ya mraba. Na ng'ambo ya barabara palikuwa na kiwanda cha zamani, 5Pointz, ambacho wachoraji wa kutani walikipamba kwa miaka mingi, abiria wa treni namba 7 wakikitazama. Novemba 2013, usiku mmoja, michoro ilipakwa rangi nyeupe. Mwaka uliofuata jengo likabomolewa. Mahakama ikaja kuamuru mwaka 2018 wachoraji 21 walipwe dola milioni 6.7, lakini ukuta wenyewe ndiyo umekwisha kwenda. Majengo mawili yalikuwa yanatazamana, moja lilipata mtu wa kulisemea mapema.

Ndiyo maana nakuhimiza usikae kimya. Usiwaambie jumba la makumbusho, watatishika na hilo neno. Omba darasa moja tu kwa muda. Yatoeni yale madawati mabovu na mifuko ya saruji, fagieni, kisha waiteni wachoraji wa hapo mjini, na fundi wa milango yule wa karibu na soko, na wanafunzi wako, kila mtu achague ukuta. Paa ndilo la kushughulikia kwanza, kabla ya masika. Mimi nimeweka akiba kidogo, nitatuma mwisho wa mwezi kwa ajili ya mabati, usiniambie hapana. Lile bati lenye tundu kwenye kona yetu, kama bado lipo, liacheni.

Na ule ukuta wa nyuma, wenye ramani ya Afrika tuliyochora na mwalimu wa jiografia, ambapo wewe ulisahau Komoro ukarudi kesho yake kuiongeza kwa chaki: nipigie picha kabla mtu hajaupaka chokaa. Piga asubuhi, saa nne hivi, jua likiwa linaingia.

Wako akupendaye,
Somo yako