Nitafutie Ile Hukumu

Unguja, Jumapili usiku

Sahibu yangu Hamad,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, watoto wana mafua tu. Mama anakusalimu na anauliza zile mbaazi ulizomuahidi ziko wapi. Najua nimekaa kimya tokea Mfunguo Tatu, usininunie. Ningekupigia simu, lakini nyumba yetu unaijua, mtu akikohoa chumbani anaitikiwa jikoni, na jambo hili mke wangu Zuwena sitaki alisikie. Kwa hiyo nimempa Kombo barua, anakuja na boti ya Jumanne.

Nataka unitafutie ile hukumu.

Usicheke. Ndiyo, ile ile ya kumpiga Faki siku ya mchezo wa ng'ombe. Nimepata kazi, au tuseme nusu ya kazi. Hoteli moja huku kaskazini wanataka fundi wa matengenezo wa kudumu, mshahara kila mwezi na makato ya ZSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, si hizi plasta zangu za leo nafanya, malipo mpaka mwenye nyumba arudi safari. Walinipa fomu. Ukurasa wa pili: "Umewahi kutiwa hatiani na mahakama yoyote?" Kisanduku cha Ndiyo, kisanduku cha Hapana. Nilikaa na ile kalamu mpaka binti wa ofisini akaniuliza kama nimesahau miwani. Nikaacha wazi. Akaipokea vivyo hivyo, kisha akasema nilete na hati ya tabia njema ya polisi.

Basi nikaenda polisi Ziwani kutoa alama za vidole. Vyote kumi, Hamad, kimoja kimoja, askari anakubiringishia kidole kwenye wino kama anatia nyama kababu. Na vyangu havitoki! Simenti imevila. Gumba la kulia lilitoa doa jeusi tupu, hata mstari hamna. Akanifuta, akarudia, mara ya tatu akauliza, "Bwana weye, kazi yako nini?" Mwashi, nikamwambia. Akacheka, akasema waashi wote ndivyo walivyo. Nimesugua kwa ndimu na sabuni ya unga, lakini Ijumaa msikitini bado nilikuwa naficha kucha. Vidole vimefutika, kesi iko pale pale. Jibu la hati bado.

Hebu niambie, hukumu ilisema nini? Niachiwe kwa sharti la kutotenda kosa miezi 12, na kila mwisho wa mwezi niripoti. Nikaripoti yote kumi na miwili, mmoja wapo nina homa nimepakiwa kwenye vespa ya Kombo. Chuo cha Mafunzo, yaani jela, sikulala hata usiku mmoja. Faki tumepatana kabla ya Ramadhani ya mwaka ule ule, na alipooa, chumba cha bibi harusi nimekipiga plasta miye, bure. Mwavuli niliompiga nao ulivunjika, kidevu chake kilishonwa nyuzi tatu tu. (Na wewe uliyepiga kelele "mtie! mtie!" ulikuwa umeshafika juu ya mwembe. Hilo sijasahau.) Kosa nililifanya, sikatai. Lakini mwaka wa nane sasa, na kila nikikaribia kazi ya maana linafufuka.

Nimemuuliza msaidizi wa sheria wa shehia yetu kama kuna namna ya kulifuta. Rufaa, anasema, muda wake umepita zamani, tena nilikiri mwenyewe. Msamaha ni wa Rais, Katiba ya Zanzibar ya 1984 imempa, lakini huko, anasema, hupeleki kesi ya mwavuli. Alichonishauri ni kuchukua nakala ya hukumu yenye muhuri wa mahakama niambatanishe na maelezo yangu, mwajiri aone kosa lenyewe na adhabu yenyewe. Akiona neno "shambulio" peke yake atadhani nimemkata mtu panga.

Abdulla wa London naye kanitia wivu. Kwao, anasema, kuna sheria ya 1974, hata miye na wewe hatujazaliwa: hatia ndogo ikipita muda wake inahesabiwa imekwisha. Faini ni miezi 12 tokea hukumu. Adhabu ya kutumikia jamii bila kwenda jela, tokea 2023, inakwisha siku ile ile amri yake inapomalizika. Mwajiri wa kawaida akikuuliza, unamwambia huna kitu na husemi uongo. Ila ukitaka kazi ya watoto au wagonjwa wanachimba zaidi. Nikamwambia anitilie sheria hiyo kwenye begi pamoja na zile fulana.

Sasa, nenda pale mahakamani, mlango unaujua. Kesi ya 2018, mwezi wa tatu. Tazama na jina "Mbaraka", maana karani siku ile hakuniandika Mbarouk. Labda ndiyo ikawa bahati yangu, polisi wasinione... astaghfirullah, hata sijui nasema nini. Ada yoyote lipa, nitakurushia kwa simu siku hiyo hiyo. Hoteli wamenipa mpaka tarehe 20.

Hiki kisanduku nilichoacha wazi ndicho kinachoninyima usingizi. Nirudi nikatie Ndiyo kabla hati haijatoka, au nisubiri waniite? Yule binti ameshaona kuwa sikujaza, au hawasomi? Faki ukimwambia aniandikie mistari miwili kwamba tumepatana, ataona namdhalilisha? Umuulize wewe, au nije mwenyewe? Na Zuwena je? Nilimuoa mwaka mmoja baada ya kesi na sikumwambia, nikidhani yamekwisha. Wewe mkeo alijua lini habari ya lile gari? Alikuachia siku ngapi kabla ya kusema nawe?

Kombo anarudi Ijumaa. Mpe jibu mkononi, usimpe mtu mwengine.

Nduguyo,
Mbarouk