Kamera yako ya joto haijafa, iko nyuma ya kioo

Wateja wanaowinda usiku hutupigia simu na lalamiko moja: "Kamera mliyoniuzia haioni kitu." Tukiuliza imefungwa wapi, tunaambiwa iko ndani, juu ya dashibodi. Wengine huongeza kwamba wanaona kivuli cha mtu kwenye skrini. Kivuli hicho ni chao wenyewe.

Kamera ya joto husoma mionzi ya joto yenye urefu wa wimbi wa kati ya maikromita 8 na 14 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), na kioo cha gari hakiipitishi. Joto la mnyama aliye nje linakomea kwenye kioo, huku joto la uso wako likigonga kioo na kurudi kwenye lenzi. Lenzi yenyewe imetengenezwa kwa gerimani, elementi inayopitisha mionzi ya joto lakini si mwanga wa kawaida, ndiyo maana ukiitazama huoni ndani, unaona weusi unaong'aa. Tafadhali usiifute kwa kanga au shati lenye vumbi, maana utando wake ukichunika haurudi.

Basi kamera ikae nje, juu ya paa, na iinuliwe kiasi cha kutoiona boneti. Hili watu hulipuuza. Boneti yenye injini inayonguruma chini yake ndicho kitu chenye moto kuliko vyote mbele yako, na kamera hujirekebisha yenyewe kulingana na kinachowaka zaidi. Boneti ikiingia kwenye picha, ngiri wa kule mbali anafifia mpaka anafanana na kichaka. Inua kamera kidogo tu, na mnyama anajitokeza.

Sasa umbali. Hapa ndipo tunapoumia zaidi, kwa sababu mteja ananunua namba iliyoandikwa kwenye boksi. Chukua kamera ya pikseli (nukta zinazounda picha) 640 kwa 512, kila pikseli maikromita 12, lenzi ya milimita 35. Kwa mita 500, pikseli moja inafunika kama sentimita 17. Nguruwe pori mwenye kimo cha sentimita 80 anabaki pikseli 5 kwenda juu. Ndama aliyelala naye ni pikseli 5. Mtu aliyechuchumaa, vivyo hivyo.

Mwaka 1958 Mmarekani John Johnson alipima mtazamaji anahitaji kiasi gani cha picha ili aone kuna kitu, na kiasi gani ili ajue ni kitu gani. Kwa hesabu ya pikseli, la kwanza linahitaji kama 2, la pili kama 13. Kwa kamera hiyo, nguruwe yule utaona kuna kitu hata akiwa zaidi ya mita 1,100. Kumjua kwamba ni nguruwe, mpaka awe karibu na mita 180. Boksi huandika umbali ule wa kwanza, tena mara nyingi umepimwa kwa kitu chenye kimo cha mtu mzima.

Ukungu na mvua hupunguza umbali huo zaidi. Nyakati za kuchomoza na kuzama kwa jua, ardhi na mnyama huweza kukaribiana joto, picha ikawa uji. Na ukitaka kutazama huku gari lako likitembea, usichukue kamera ya picha 9 kwa sekunde. Chukua ya 50, la sivyo kila shimo litakufutia picha.

Kwa hiyo kamera ya paani sisi tunaiuza kama kifaa cha kutafutia, basi. Ukiona doa jeupe, simamisha gari, zima injini, shuka, mtambue mnyama kwa uhakika, na uangalie kilicho nyuma yake kabla ya kugusa kifyatulio. Nchi nyingi zinakataza kabisa kupiga risasi kutoka kwenye gari, nyingine zinakataza kuwinda usiku au kutumia vifaa vya joto. Uliza wanaotoa kibali kwanza. Asiye na kibali hatumfungii.

Mwenye nacho aje na gari lenyewe, giza likishaingia, tupime paa na tutafute njia ya waya isiyobanwa na mlango.