Redio mliyoniuzia inajitambulisha kwa nambari ya chombo kingine

Nairobi

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Bwana/Bibi,

MINT: REDIO YA VHF YA BAHARINI ILIYOUZWA IKIWA NA NAMBARI YA CHOMBO CHA NG'AMBO

Mwezi uliopita nilinunua dukani kwenu, hapa katikati ya jiji, redio ya VHF ya boti kwa shilingi 41,500. Nakala ya risiti nimeiambatisha. Mimi naishi South B, na jirani aliponiona na lile boksi aliniuliza bahari iko wapi huku kwetu, ikiwa hata maji ya mfereji huja Alhamisi tu. Redio ilikuwa ya mjomba wangu wa Shimoni, anayepeleka wageni kwenye hifadhi ya baharini ya Kisite kwa boti. Pesa ni zake, mimi nilitumwa tu, na aibu ndiyo imebaki kwangu.

Kijana wenu wa kaunta alisema ni mpya, "kila kitu kimeshawekwa, ni kufunga na kubonyeza tu." Nikaituma kwa basi la usiku.

Mjomba si mtu wa kubonyeza ovyo. Alikuwa ameshapata nambari ya boti yake, ile ya tarakimu tisa ya kuitambulisha redioni, wanayoiita MMSI, inayoanza na 634 kama za vyombo vingine vya Kenya. Redio mpya haikubali kutuma wito wa kidijitali mpaka iingizwe nambari hiyo. Hii ilikubali, na hapo ndipo alipoingiwa na shaka. Akamwomba nahodha wa boti jirani wajaribiane kwa wito wa majaribio, ule usiomshtua mtu. Redio ya mwenzake ikalia, na kwenye skrini ikatokea nambari inayoanza na 235. Yule nahodha akacheka: "Mzee, umehamia Uingereza lini?" Tarakimu 235 ni za Uingereza.

Akaingia kwenye menyu ili abadilishe. Redio ikakataa. Baadaye nimeelewa kwamba redio nyingi za aina hii huruhusu nambari iingizwe mara moja au mbili tu, kisha hujifunga mpaka zifike kwa fundi aliyeidhinishwa na watengenezaji. Ni kinga nzuri, lakini inamaanisha kuna mtu aliyeitumia redio hii kabla yetu. Iliporudi Nairobi niliiweka chini ya taa nikaikagua: meno ya skrubu za kishikizo yamekwishachubuka, na ndani ya tundu la waya wa antena mna kutu ya kijani, ile ya shaba iliyokaa na chumvi. Shimoni ilikaa siku nne tu, tena ndani ya boksi muda mwingi. Upya gani huo?

Nilipopiga simu kwenu nilijibiwa na watu watatu. Wa kwanza alisema nambari ni nambari, muradi redio inaita. Wa pili alisema waranti imekufa kwa sababu boksi limefunguliwa. Wa tatu, na huyu ndiye aliyenifanya niandike barua badala ya kupiga simu tena, alinishauri niinue kifuniko, nibonyeze kitufe chekundu nikishikilie, "tuone kama kinafanya kazi."

Kitufe hicho ni cha kuomba msaada wa dharura, si kengele ya mlangoni. Ukikishikilia sekunde chache, redio inatuma kwenye chaneli 70 ujumbe mfupi sana wa kidijitali: nambari ya chombo, aina ya dharura ukiichagua, mahali ulipo na saa. Kila redio ya namna hiyo iliyo karibu inalia, na kituo cha uokoaji cha Mombasa kikiusikia kinaanza kazi. Asipopatikana wa kuitikia, redio inarudia yenyewe kila baada ya kama dakika nne. Wewe unahamia chaneli 16 ukieleza kwa mdomo. Anayekibonyeza kwa bahati mbaya anatakiwa azime wito huo, kisha atangaze kwenye chaneli 16, kwa vituo vyote, kwamba ameufuta. Muuzaji anayewaambia wateja wakijaribu kwa kukibonyeza anawafundisha kupiga mayowe ya uongo.

Sasa fikirini mjomba angekibonyeza kweli, injini imezima mwezi wa Julai, kusi linamsukuma, wageni wanane wanatapika. Waokoaji wangeitafuta nambari ile na kukuta chombo cha Uingereza na simu ya mwenyewe. Wangempigia, naye huenda angewaambia boti yake imefungwa bandarini, hana habari na Kisite. Nani angemlaumu mtu atakayeamua kwamba ule ni wito wa bure?

Kuna na la pili. Tuliambiwa jipiesi (GPS), ile inayoonyesha mahali chombo kilipo, imo ndani. Haimo. Nyuma zimening'inia nyaya tupu za kuunganisha na jipiesi ya nje, bila mchoro wala karatasi ya maelezo. Bila hiyo, mahali chombo kilipo hupaswa kuandikwa kwa mkono. Nani ataandika latitudo huku maji yanaingia?

Ninachotaka ni hiki. Nirudishiwe shilingi 41,500 zote pamoja na nauli ya mzigo kwenda na kurudi, shilingi 1,800, au nipewe redio mpya kweli, isiyo na nambari ndani, yenye jipiesi yake. Hii yenu msiiuze tena mpaka nambari ile ifutwe na fundi anayestahili. Kama mlileta shehena ya redio za aina hii, wapigieni waliozinunua wafungue menyu wasome nambari. Ni kazi ya dakika mbili. Na yule kijana wa tatu mwambieni kuna wito wa majaribio.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinanipa haki ya kupata bidhaa yenye ubora wa kuridhisha na maelezo ya kuniwezesha kuitumia. Sikupata bidhaa hiyo wala maelezo hayo. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitapeleka malalamiko haya kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, pamoja na picha za ile kutu.

Redio iko kwangu, nimeitoa kwenye umeme. Mtu wenu anaweza kuijia siku yoyote ya kazi baada ya saa kumi na moja jioni. Apige simu kwanza. Mjomba ameazimwa redio na yule nahodha wa jirani, lakini nahodha huyo anaihitaji irudi kabla ya mwisho wa mwezi.

Wenu mwaminifu,

Mteja (jina na nambari ya simu viko kwenye risiti)