Mwanangu, hiyo chupa ya pua itupe

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Sisi hapa Mombasa wazima, bibi yako anakusalimu sana. Nimeona nikuandikie badala ya kukutumia voisi manake hili nataka ulisome mpaka mwisho: ile chupa yako ya kubinya, unayooshea pua kwa maji ya chumvi, itupe. Leo leo, ukirudi kutoka klasi.

Ulipokuja likizo niliikuta pale kwenye sinki, bado mbichi na kifuniko kimekazwa. Kwa nje iko sawa kabisa, haijapasuka wala haivuji, ndo maana najua hujawahi kufikiria kuibadilisha. Lakini nilipoifungua nikaiangalia kwenye mwanga wa dirisha, kwenye shingo pale kifuniko kinapozungukia palikuwa na utando mwembamba wa rangi ya waridi, nikapitisha kidole ukateleza, na ule mrija wa ndani, ncha yake ya chini ilikuwa na vidoa vyeusi vidogo vidogo. Hivyo ni vijidudu mwanangu, na maji unayoyasukuma mpaka nyuma ya uso wako kila asubuhi yanapita hapo hapo.

Najua utaniambia mama mimi naisafisha. Sawa, nakuamini, ila fikiria inavofanya kazi. Unaibinya maji yanaingia pua hii yanatokea pua ile, halafu ukiiachia plastiki inarudi umbo lake na hapo inavuta, inavuta hewa na maji kutoka puani mwako pamoja na kamasi, vyote vinaingia ndani ya chupa. Kwahivo kila ukiosha pua unapanda kitu mle ndani. Na ile plastiki ni laini, kadri unavoibinya na kuisugua inapata mikwaruzo usiyoiona kwa macho, vijidudu vikijificha humo sabuni haivifikii. Watafiti wamezipima chupa za watu wenye sainasi wakakuta bakteria kama Staphylococcus na Pseudomonas hata kwa waliosema wanasafisha vizuri. Ndo maana watengenezaji wa hizi chupa za kubinya kama NeilMed wenyewe wanasema ubadilishe kila miezi mitatu, ivunjike isivunjike.

Shida ninayoiona ni hii, ukinunua mara ya kwanza unapewa boksi lenye chupa na pakiti za chumvi, baadae pakiti zikiisha unanunua pakiti peke yake manake ni rahisi, chupa inabaki ile ile mwaka mzima. Usifanye hivo. Nimekutumia za chupa mpya kwa M-Pesa, hizo si za bando tafadhali. Ukishainunua chukua feltpeni uandike tarehe chini kwenye kitako, miezi mitatu ikifika itoke, hata kama inang'aa.

Na kuna wakati miezi mitatu ni mingi. Ukiona plastiki imekuwa na ukungu usiotoka, au imegeuka rangi, au inanuka ukiifungua hata baada ya kuosha, itupe. Ukiibinya haichomoki kurudi kama zamani, itupe. Jaza maji, ziba tundu kwa kidole, binya. Maji yakitokea pembeni mwa kifuniko basi kifuniko kimechoka, itupe, na mrija ukipasuka vile vile. Halafu ukitoka kwenye maambukizi, ile kamasi ya kijani na antibayotiki kama uliyopewa mwezi wa Ramadhani, chupa uliyotumia ukiwa mgonjwa usiendelee nayo ukiwa umepona, utajirudishia yale yale. Na rumeti wako akikuomba, mwambie amwambie mamake amnunulie yake, hapo usione haya, chupa ya pua haiazimwi.

Sasa maji. Hapo ndo naogopa zaidi. Mwaka 2011 kule Louisiana, Marekani, watu wawili walifariki baada ya kuosha pua kwa maji ya bomba, kulikuwa na amiba, kijidudu cha majini, inaitwa Naegleria fowleri, ambayo ukiinywa haikudhuru lakini ikipanda juu puani inafika kwenye ubongo. Ni nadra sana, sikutishi, ila kujikinga nayo ni rahisi mno hata sioni kwanini mtu asifanye. Chemsha maji. Huku kwetu pwani yakitokota dakika moja yanatosha, lakini wewe uko Eldoret, mita 2,100 hivi juu ya bahari, huko maji yanatokota yakiwa kwenye nyuzi 93 tu, kwahivo inatakiwa yatokote dakika tatu. Na hilo birika lako la stima halifai kwa kazi hii, likitokota tu linajizima lenyewe. Tumia sufuria kwenye meko, uhesabu dakika tatu tangu yaanze kutokota kwa nguvu, funika, yaache yapoe mpaka uvuguvugu.

Maji yaliyochujwa si sawa na yaliyochemshwa, na yale ya chupa ya kunywa pia si lazima yawe yamesafishwa kiasi hicho. Kemisti kuna maji yaliyotoneshwa, yaani distilled water, hayo sawa. Yale ya petroli stesheni ya kutia kwenye betri ni ya gari, wala usiyasogeze puani hata mtu akikuambia ni kitu kimoja.

Kuosha chupa yenyewe, kila ukimaliza, sio jioni, mwaga yaliyobaki usiyaweke ya kesho. Osha kwa sabuni ya vyombo, chupa, kifuniko na mrija kila kimoja peke yake, mrija upitishie maji ya sabuni ndani. Kisha suuza mara ya mwisho kwa yale yale maji yaliyochemshwa, manake ukisuuza kwa bomba umerudi ulikotoka. Kung'uta, viache vyote wazi juu ya tishu safi chumbani, sio bafuni ya hosteli, vikauke kabisa. Kufunga kifuniko ikiwa mbichi ndo kumeleta ule utando. Maji yanayotokota usiimiminie, plastiki itajikunja, na brashi ngumu wacha.

Kuosha kwenyewe usiache, kumekusaidia, na vumbi la huko kiangazi nalijua lilivo. Ila kama yale maumivu juu ya jicho la kulia yangali yanakuja ukiinama, au una homa, au meno ya juu yanauma, hapo sio suala la chupa tena, nenda ukamuone daktari wa masikio, pua na koo, usingoje mpaka mtihani uishe. Nipigie kabla hujaenda nijue pesa ngapi, na hiyo chupa mpya ukiipata nitumie picha ya kitako chake nione tarehe.

Mamako