Barua kwa mwanangu anayekwenda kula Idi kwa bibi

Mwanangu mpenzi,

Ukifika Pangani, usimkalishe bibi na daftari kumuuliza mkate wa kumimina unatiwa sukari kiasi gani. Atakujibu "kiasi chake", na wala hakufichi: kipimo kimo mkononi mwake. Chukua mizani ya jikoni. Pima bakuli la mchele kabla hajachota, mwache achote, pima tena; kilichopungua ndicho kipimo. Sukari na hamira vivyo hivyo. Kikombe chake cha tui kijaze maji mpaka anapokomea yeye, uandike ni mililita ngapi, maana vikombe havilingani.

Utapata kitu karibu na hiki: mchele nusu kilo uliolowekwa usiku kucha, tui zito vikombe viwili, sukari kikombe kimoja, hamira kijiko cha chai, ute wa yai moja, iliki. Lakini andika na dalili, kwa sababu mkate huharibikia hapo. Mchele usiolowana vizuri hausagiki laini, na mkate unakuwa na chenga. Tui la moto huua hamira, liwe vuguvugu. Rojo likiumuka kupita kiasi, mkate huinuka kisha ukabonyea katikati, tena unakuwa mchachu. Kwa joto la Pangani rojo huwahi kuumuka, kwa baridi ya Arusha huchelewa, kwa hiyo andika rojo lilionekanaje bibi aliposema "tayari", usiandike saa peke yake. Makaa yawe mengi juu ya mfuniko na machache chini, la sivyo chini kutaungua na katikati kubichi.

Nasaba ya ukoo nayo iandike, ukianza na wanawake. Majina yetu matatu humbeba baba na babu, kwa hiyo upande wa kikeni ndio unaopotea upesi. Kila mtu mwandikie jina, jina la utani, mama yake ni nani na huyo mama ni mtoto wa nani, alizaliwa wapi, amezikwa wapi.

Miaka ya kuzaliwa nayo usiiulize moja kwa moja. Tuseme umeambiwa shangazi fulani alizaliwa Idi ya Mfungo Mosi, yaani ile ya kumaliza Ramadhani, mvua za masika zikinyesha. Idi hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, na huchukua miaka kama 33 kuzunguka misimu yote. Idi hiyo iliangukia mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei mwaka 1957, kisha 1990, kisha 2023. Ikiwa Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 yalimkuta mtoto, basi alizaliwa kati ya 1955 na 1961, miaka ambayo Idi hiyo iliangukia ndani ya masika. Hapo uliza: Tanganyika ilipopata uhuru, Desemba 1961, alikuwa anabebwa mgongoni au anatumwa dukani? Hilo bibi atalikumbuka.

Ukimrekodi, zima feni. Ndiyo inayomeza sauti. Simu iweke karibu naye juu ya kanga iliyokunjwa.

Picha za Idi za zamani ziandike nyuma, pembeni, kwa penseli laini, majina kutoka kushoto kwenda kulia. Wino wa kalamu huweza kupenya. Zilizogandia kwenye albamu ya gundi usizibandue. Zipige picha zilivyo, karibu na dirisha, bila flashi. Nakala moja ya kila kitu mwachie baba mdogo kabla hujapanda basi.

Nisalimie bibi, mwambie namwamkia.

Mama yako