Malalamiko Kuhusu Programu Yenu ya Kusimamia Fonti Kufuta Matoleo Tofauti kwa Kudai ni Nakala

Mwanga, Kigoma

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mchapaji hapa Kigoma, na nililipia leseni ya programu yenu kwa kuwa mlitangaza kwamba hukusanya fonti (faili za mitindo ya herufi) zilizotawanyika, huzipanga kwa familia na huondoa nakala zisizohitajika. Nilipoziingiza fonti zangu, programu ilizihamisha faili kutoka kwenye folda za kazi za wateja bila kuniuliza, kisha kila ilipokuta fonti mbili zenye jina moja ikabakiza moja na kufuta nyingine moja kwa moja, bila hata kuipitisha kwenye kapu la taka.

Jina si ushahidi wa kutosha. Kompyuta huitambua fonti kwa jina lililoandikwa ndani ya faili, na jina hilohilo linaweza kubebwa na faili ya muundo wa zamani wa fonti uitwao TrueType na vilevile na ya OpenType, muundo ambao Microsoft na Adobe waliutangaza mwaka 1996, huku nambari ya toleo, idadi ya herufi na upana wa kila herufi vikitofautiana. Taarifa hizo zote zimo ndani ya faili, na programu inayouzwa kwa wachapaji ilipaswa kuzisoma kabla ya kufuta chochote.

Katika kazi za Kiswahili kasoro hii huchelewa kuonekana, kwa sababu hatuandiki herufi zenye alama juu. Mistari husogea kidogo tu, na kijitabu kilichokwisha kupangwa kikaongezeka ukurasa. Lakini ninachapa pia kwa wateja wa Burundi na wa ng'ambo ya ziwa, Kongo, wanaoleta kazi za Kifaransa, na toleo lililobakizwa halina é wala ç, hivyo kwenye vyeti vyao yalijitokeza maboksi matupu. Karatasi hizo nimezichapa upya kwa gharama yangu.

Wahudumu wenu walinijibu kwamba nizisakinishe fonti upya. Jibu hilo sikubaliani nalo hata kidogo, kwani baadhi zililetwa na wateja pamoja na kazi zao na sina pa kuzipata tena.

Naomba mnieleze kwa maandishi kama faili zilizofutwa zinaweza kurejeshwa, na kama haiwezekani, mnirudishie ada ya leseni pamoja na gharama za uchapaji. Naomba pia mrekebishe programu iache faili mahali pake, na isifute fonti yoyote kabla ya kumwonyesha mtumiaji tofauti zilizopo na kupata idhini yake.

Wenu mwaminifu,
Mmiliki, duka la uchapaji